Amin ya Hajati

Pasta Elisha alinipigia simu asubuhi nikiwa ndani ya chumba cha baridi huko Port Bell, kando ya ziwa, nimevaa koti zito, nakagua feni iliyokuwa ikilia kama mbuzi aliyefungwa. Sauti yake haijazeeka. "Bahati, mwanangu," alisema, "kanisa linafanya jubilei. Bageni banakuya tena kutoka ng'ambo. Tunataka usimame mbele yao, useme namna misheni ilikulea. Weye njo tunda letu." Nilitoka nje kwenye jua, nikavua glavu, nikamwomba arudie neno la mwisho, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kabla ya kukasirika. Akalirudia kwa furaha. Tunda.

Basi niseme mapema, ili msomaji asipoteze muda wake kunitafutia unyenyekevu. Mimi si tunda la mti wa mtu. Nina stashahada ya ufundi wa mitambo ya baridi, niliyoisomea Ulaya ya kaskazini kwa lugha ambayo nilipofika sikujua hata salamu yake. Usiku nilisugua sakafu ya kiwanda cha samaki, mchana nilikaa darasani na vijana walionizidi kila kitu isipokuwa njaa ya kujua, na mwisho wa masomo jina langu lilisomwa kabla ya majina yao. Nilirudi Kampala kwa hiari yangu, wenzangu wakiniita mwendawazimu. Vyumba vinavyogandisha sangara na sato hapa ziwani, mabomba yake nimeyachomelea mimi. Wahandisi wenye digrii hunipigia simu mtambo ukiwashinda, nami huenda, na sioni haya kusema kwamba mimi hufurahi unapowashinda. Katika hayo yote hakuna mkono wa misheni. Kitu kimoja tu nilichopewa na misheni ni hasira, na hiyo nimeitunza vizuri kuliko walivyotunza wao kanisa lao.

Simu hiyo ilikuja siku chache baada ya kumzika Hajati Rukia. Pasta alijua. Mtaa mzima wa Nateete ulijua, maana msiba wake ulifunga njia ya nyuma ya soko tangu asubuhi hadi alasiri. Hakumtaja. Pole hakuniambia, ingawa alijua kwamba mwanamke yule ndiye aliyenilisha katika mwaka ambao bila yeye ningelala njaa. Aliruka kaburi lake kama mtu anavyoruka dimbwi ili asichafue viatu, akatua moja kwa moja kwenye jubilei.

Mwaka ninaousema haukuanza Januari. Ulianza siku wageni wa misheni walipokuja, ukaisha walipokuja tena. Sitaeleza nilivyofika Kampala wala nilichoacha nyuma. Wakongo wa Nateete wote tuna hadithi hiyo, na wageni wamekwisha kuililia mara nyingi, haina machozi tena ndani yake. Nitasema tu kwamba nilikuwa kijana, peke yangu, nikijifunza kutengeneza friji kwa fundi mmoja karibu na stendi, na nilipanga chumba kwa Hajati. Alikuwa Mnubi, wa kizazi cha wale askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, alichorithi kwa baba yake mwanajeshi. Hakikujali ngeli, kilijali kufika. Nyumba ilizunguka ua mdogo wa saruji, na chumba changu kilishikana na jiko, kwa hiyo ukuta wangu mmoja ulikuwa na joto kila wakati na nilisikia kila lililosemwa upande wa pili. Nilijua nani ameachika, nani amekopa, mchuzi wa nani una chumvi nyingi. Nilijua pia kazi ya Hajati kabla hajaniambia, kwa sababu sauti za wanawake waliokuja kumwita zilikuwa za namna moja: zilianza chini, zikakatika katikati. Yeye ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa Kiislamu mtaani mwetu. Aliwaosha, akawafukiza udi, akawavisha sanda, na alirudi nyumbani amenyamaza mpaka jua lizame. Watu walimsalimu kwa kuinama kidogo. Ni heshima ambayo huwezi kuinunua, na ndiyo iliyoibiwa.

Siku ya pili tu ya kupanga kwangu, nilikuwa nimejifungia nikijifanya nimeshiba. Alipiga mlango kwa kijiko cha mbao. "Wewe Mukongo! Kuja kula." Nikasema nimekula, Hajati, ahsante. "Nakula nini? Mimi iko jikoni tangu asubuhi, sijasikia harufu yako." Binti yake Zainabu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nilikula pale, gurusa, mikate yao myembamba, laini kama kitambaa, na mchuzi wa bamia, wote tukichovya kwenye sahani moja. Nikimaliza nilifumba macho nikishukuru kwa jina la Yesu, nao waliinua viganja wakaomba dua, tukasema amin pamoja, tukanyanyuka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Zainabu alinitania tu: "Yesu wako anapenda bamia? Maana unaomba ndefu siku ya bamia."

Kanisa letu lilikuwa banda la mbao na mabati nyuma ya soko, na Pasta Elisha alikuwa mtu wetu mkubwa. Sina haja ya kumpunguza: alikuwa amewazika watu wetu, amewatoa vijana polisi, amesimama kwenye foleni za ofisi za wakimbizi na wazee wasiojua kusoma. Alijua Kiingereza, na katika banda lile Kiingereza kilikuwa ufunguo wa kila kitasa. Kila ibada ya wageni yeye ndiye aliyetafsiri, huku na huku, akitoka jasho. Mwaka ule wageni walikuja na semina. Tulikaa kwenye mabenchi siku nzima tukifundishwa namna mpya ya kupeleka Injili katika dunia iliyobadilika. Mikutano ya vipaza sauti imepitwa na wakati, walisema. Sasa kinachotafutwa ni mtu wa amani. Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwaambia waingie nyumba itakayowapokea, wakae humo, wale watakachowekewa. Kwa hiyo kila mmoja wetu amtafute Mwislamu mmoja mwenye moyo mwema, anayekaribisha wageni, anayelisha watu. Huyo ndiye mlango, na kupitia yeye nyumba nzima itaingia, kisha mtaa. Kiongozi wao, mwanamume mrefu mpole, alichora ubaoni nyumba yenye mlango, na mlangoni akachora mtu anayetabasamu. Nilimtazama yule mtu wa chaki. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba wameuchora wema, kisha wakaupa kitasa.

Sikumtaja Hajati kwa mtu. Haikuhitajika. Yeye mwenyewe aliwaona wageni wakipita barabarani na mifuko yao mgongoni, akauliza ni akina nani, nikamwambia ni wageni wa kanisa letu. "Bannange! Watu natoka huko mbali na ndege, napita mbele ya nyumba yangu, hapana kula? Watasema nini huko kwao? Watasema Wanubi wamekufa!" Nikamwambia hawana shida, wanakula hotelini. "Hoteli ni mama yao? Wewe nyamaza. Mwambie Pasta wako, Jumamosi." Nikasema, Hajati, hao watu wana maneno yao. Akanitazama kwa dharau nzuri aliyokuwa nayo. "Na mimi iko na maneno yangu. Tutakula, maneno yatakaa nje."

Jumamosi ile naikumbuka kwa rangi. Mikeka ilifunika ua. Kawa za kufunikia vyakula, alizosuka mwenyewe, nyekundu na zambarau na manjano, zilipangwa katikati kama vilima. Zainabu alipita na birika na beseni akiwanawisha wageni mikono, nao walijichekea kwa kutojua wakae vipi. Walikula vizuri, niwape haki yao. Mmoja wao, mama mwenye nywele fupi tuliyemwita Mama Kamera kwa sababu hakuishusha, aliuliza kila kitu kinaitwaje na kurudia majina mpaka Hajati akampiga begani kwa furaha. Pasta alitafsiri akitafuna. Walipomaliza, yule mrefu alisema angependa kuiombea nyumba. Pasta akamgeukia Hajati: "Mgeni anataka kuomba dua." Hajati akasema, "Dua? Nani nakataa dua?" Akaketi vizuri, akavuta mtandio, akainua viganja viwili mbele ya uso, kama alivyofanya kila siku baada ya kila mlo. Mgeni aliomba kwa Kiingereza, muda mrefu, sauti ikitetemeka. Pasta hakutafsiri hata neno. Mwisho Hajati akasikia amen, akasema amin yake, akajipangusa uso kwa viganja. Mama Kamera alipiga picha huku machozi yakimtoka. Mgeni mwingine alimkumbatia mwenzake. Hajati alidhani wameguswa na mapishi, na mimi, nisiyejua Kiingereza wakati huo, nilidhani hivyo hivyo.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, nataka nipaonyeshe vizuri. Wageni hawakujua. Kwao mikono iliyoinuliwa ni mikono ya mtu anayejisalimisha, anayesema nimekubali, nipokee. Ndivyo wanavyoinua kwao. Ni kosa la mjinga, na mjinga hufundishwa. Lakini Pasta Elisha alikulia Kasongo, Maniema, ambako msikiti na kanisa vimesikilizana ukuta kwa ukuta tangu babu zetu. Alikuwa akituchekesha kwa kuigiza jinsi yeye na watoto wenzake walivyopigana viwiko kuwahi pilau ya Maulidi. Dua aliijua kama alivyoijua mikono yake. Aliona wageni wanalia, akajua wanachokililia hakipo, akanywa chai yake.

Kalenda zilikuja Desemba. Mtu asiyekaa Kampala huenda asielewe uzito wa jambo hili. Hapa kalenda si kitu cha kutazamia tarehe tu. Ni pambo, ni ushirika, ni kusema wewe ni wa nani. Karatasi moja kubwa, picha katikati, miezi pembeni, na hukaa ukutani mwaka mzima. Misheni ilichapisha zake, zikagawiwa baada ya ibada, nikaifungua yangu nikiwa nimesimama mlangoni. Alikuwa Hajati. Mtandio wake wa samawati, viganja vyake viwili, macho yamefumbwa. Chini yake maneno ya Kiingereza, na chini ya hayo tafsiri ya Kiswahili kwa ajili yetu: alikuwa gizani, leo yuko nuruni. Kabla sijafika nyumbani zilikuwa zimekwisha kutundikwa, saluni, kwa fundi viatu, kwenye duka la vitenge la Wakongo, kwa muuza mkaa. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama akiwa amefumba macho.

Zainabu aliiona saluni, nusu ya kichwa imesukwa. Alitoka hivyo hivyo. Nilisikia kupitia ukuta wangu wa joto. "Mama, wewe umekuwa mlokole?" Hajati alicheka kwanza. "Lete nione. Eh, mtandio wangu umetoka vizuri." Kisha Zainabu akamsomea maneno. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini, polepole sana, kama kitu kinachoweza kuamka.

Baada ya muda mfupi alifariki bibi mmoja nyuma ya msikiti, rafiki yake wa utotoni. Hajati aliandaa vitu vyake: pamba, kafuri, udi, kanga ya kujifunga. Akakaa kwenye kigoda mlangoni. Wanawake wakapita. Wakapita tena, wakisalimia kwa haraka na kuangalia mbele. Waliita mwoshaji kutoka mtaa mwingine. Jioni jirani mmoja alikuja jikoni kumweleza, nami nilikuwa nimeegemea ukuta. "Hajati, si sisi. Ni watoto wa marehemu, wanauliza tu." "Wanauliza nini?" "Kama ile ya ukutani ni kweli." "Mimi nimeosha mama wa mama yao." "Najua, Hajati. Lakini Shehe anasema ni kitu kidogo. Uje utoe shahada mbele ya watu, yaishe." Hajati hakupaza sauti. "Mimi nimeenda Maka. Nitasilimu mara ngapi? Mtu anarudi vipi nyumba ambayo hakutoka?" Kaka yake, dereva wa malori ya Juba, alikuja na vumbi lote la safari na neno moja: Mukongo afukuzwe leo. Nilikuwa nimeshafunga begi. Nikamsikia Hajati akisema, "Amekula kwangu. Sasa nimtapishe?" Nilifungua begi.

Nikaenda kwa Pasta. Nilimkuta anakula bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, akaniita mezani, nikakataa, na kwa Mkongo kukataa chakula cha mchungaji ni tangazo la vita. "Pasta, simama Jumapili useme si kweli. Dakika moja tu. Watasikia, itawafikia Waislamu, mama wa watu atapumua." Akatafuna. "Bahati, weye ungali mtoto. Bageni banakuya kuona nini? Mabati? Kalenda imefika kwao, makanisa yamelia, mwaka kesho wanatupa paa jipya. Nikisema leo haiko kweli, kesho nikisema kweli nani ataamini?" Nikamwambia, lakini dua unaijua, umekulia Kasongo. Hapo alisimamisha tonge njiani. Akasema Mungu huita kitu ambacho hakipo, nacho kikawapo. Labda Hajati yuko njiani, nani anajua. Kisha, kwa sauti ya baba, akanikumbusha kwamba nafasi moja ya chuo cha ufundi imetengwa na misheni, na jina langu liko mbele. "Usivunje daraja ambalo hujavuka." Niliondoka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wetu walikuja, mwenyeji akaugua, na mganga akawa anauza ugonjwa.

Walirudi kuzindua paa. Banda lilijaa, watoto walikaa madirishani, mabati mapya yaling'aa mpaka yakaumiza macho. Mimi nilipangwa kutoa shukrani kwa niaba ya vijana, kwa sababu ya chuo. Nilishika kipaza sauti. Nilisema kwa Kiswahili changu safi, polepole, nikimtazama yule mrefu na Mama Kamera: kwamba Hajati Rukia hakubadili dini, kwamba ile ilikuwa dua ya kushukuru chakula, ambayo Waislamu wote huomba hivyo, kwamba kwa sababu ya picha yao haitwi tena kuosha wafu wake, na hilo ni kama kumwondoa mchungaji madhabahuni, kwamba nawaomba, kama wanamwogopa Mungu, wamrudishie jina lake. Mabenchi ya Wakongo yaliganda. Pasta alikuwa kando yangu, akitafsiri sentensi kwa sentensi, uso mkavu. Nilipomaliza, wageni walisimama wakapiga makofi. Mama Kamera alikuja mbio akanikumbatia, akalia begani kwangu. Mama mmoja wa kwaya alinong'ona nyuma yangu, "Mwanangu, hawakusikia hata kidogo." Nje nilimshika kijana mmoja aliyesoma Kenya, nikamwambia aniambie Pasta amesema nini. Aliangalia viatu vyake. "Amesema unamshukuru Mungu kwa chakula cha Hajati. Na kwamba mama huyo anawasalimu sana katika imani."

Nafasi ya chuo alipewa mwingine, mnyenyekevu zaidi. Nami wiki ileile nilianza masomo ya jioni ya Kiingereza, nikakisoma kama mtu anayenoa panga. Niliapa kwamba hakuna binadamu atakayesimama tena kati ya mdomo wangu na masikio ya mtu. Kila nilichojenga baadaye nimekijenga juu ya kiapo hicho. Hajati hakutoa shahada ya pili. Mwaka ulipoisha kalenda ziliteremshwa, na watoto wakafunika madaftari yao kwa uso wake; niliuona ukienda shule asubuhi, umekunjwa kwenye paji la uso. Aliitwa tena kuosha pale mwanamke mmoja mgonjwa alipousia kwamba asiguswe na mwingine ila Hajati. Nyumba nyingine zilifuata. Nyingine hazikumwita mpaka anakufa.

Nimekaa Ulaya, nimeona upande ule mwingine wa misheni. Nimeona makanisa yaliyotutumia watu yamekuwa maghorofa ya kupangisha, na moja, karibu na kiwanda nilichosugua, lilikuwa ukumbi wa mazoezi ya viungo. Ndani ya banda la kukodi Wakongo tuliomba kwa ajili ya wenyeji wetu, tukiambiwa kwenye mikutano kwamba zamu imegeuka, kwamba sasa misheni inatoka kila mahali kwenda kila mahali, na Afrika ndiyo inayotuma. Nilipiga makofi mimi pia, nina kiburi cha kwetu. Halafu nikarudi Kampala nikakuta vijana wa makanisa yetu wakipanda mabasi kwenda Karamoja na Juba, simu mkononi, wakiwapiga picha watoto wenye makamasi. Zamu kweli imegeuka. Kamera sasa ni yetu, picha ni ileile. Dunia ikibadilika namna hii, ni mwizi tu aliyebadilisha shati.

Mimi bado ni Mkristo, na huwakasirikia wanaodhani hasira yangu ni ya mtu aliyeiacha imani. Huko Ulaya, katika ghorofa letu, aliishi bibi mzungu asiye na mtu. Wanawake wa banda letu walimpelekea supu, wakamwogesha alipoanguka, wakakaa naye hadi pumzi ya mwisho, wakiimba kwa Kiswahili asichokijua. Hakubatizwa. Hakuna aliyempiga picha. Kama kuna mtu anataka kujua misheni ni nini siku hizi, aende akaulize pale, maana aliyetumwa kweli ni mgeni, na mgeni kazi yake ni kukaa, kula alichopewa, na kutunza heshima ya nyumba iliyompokea. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo haikuchorwa ubaoni.

Kwa hiyo nilimjibu Pasta kwamba tutazungumza jubilei baada ya kwenda pamoja Nateete, kwa Zainabu. "Maneno ya zamani hayo, Bahati," alisema. Lakini alikuja. Amekonda, anatembea na fimbo, na nilipomshika mkono kushuka garini nilikasirika kwamba mkono wenyewe ni mwepesi. Zainabu, ambaye sasa ndiye anayeosha wafu wa mtaa, alitukalisha uani. Pasta alikohoa. "Zainabu, kama kuna mahali tuliwakwaza..."

"Hakuna kama, Pasta," nikamkata.

"Wewe Bahati nyamaza," alisema Zainabu, "mtu mzima anasema." Akamngoja. Pasta aliichezea fimbo yake. Basi akasema yeye, bila kupandisha sauti, kama mama yake. "Siku kalenda ilipokuja, mama alisema: wale wageni hapana kujua, ila yule mzee alijua. Hakutaka nikuchukie. Nimekuchukia kwa nguvu zangu mwenyewe." Pasta aliinamisha kichwa. "Leo unakuja kutuambia mama alikuwa Mwislamu? Mimi ndiye niliyemwosha, ssebo. Najua. Sisi hukutudanganya hata siku moja. Nenda uwaambie wale uliowadanganya."

Tulirudi garini. Nilikuwa nimeshawasha injini aliposhika mkono wangu. "Bahati, Kiingereza chako sasa kinapita changu. Bageni bakikaa pale mbele, si useme weye? Itasikika vizuri zaidi." Sitaficha kwamba moyo uliruka. Miaka yote hii nimeitunga hotuba hiyo, nikiwa bafuni, nikiwa juu ya ngazi na spana mkononi. Naijua mpaka vituo vyake, na ningeitoa kwa Kiingereza ambacho hakuna mgeni angekitilia shaka. Nilizima injini ili asikie.

"Hapana, Pasta. Mimi nilishasema, mbele yao, mwaka ule. Kilichobaki ni tafsiri yako."